Kamusi ya Ndumilakuwili: Shajara ya Mradi

Januari, mwanzo

Mradi wenyewe ni kamusi ndogo ya maneno ya kila siku, kila neno likifasiliwa kwa jinsi linavyofanya kazi mdomoni mwa watu, si kwa jinsi linavyojieleza likiulizwa. Jina limetangulia kazi. Kidahizo, yaani neno linalofasiliwa, kinasema lake, fasili inasema lake, na ukichunguza hukuti kilichosema uongo.

Nimeanza na yaliyokuwa karibu:

Kesho *nm* [i-/zi-] siku ambayo kazi zote ngumu zimekwisha kupangiwa.

Niko njiani *msemo* natafuta kiatu cha pili.

Kwa ufupi *msemo* onyo kwamba mzungumzaji ndiyo kwanza anaanza.

Alamu *nm* [i-/zi-] kifaa kinachomwamsha kila mtu nyumbani isipokuwa aliyekitega.

Mkutano *nm* [u-/i-] mkusanyiko wa watu wanaotafuta tarehe ya mkutano ujao.

"Niko njiani" itabaki. Haimcheki mtu fulani. Kila atakayeisoma amewahi kukitafuta hicho kiatu. "Mkutano" ina sura ya jambo lililokwisha kusemwa, kwa kuwa mikutano imechekwa tangu watu walipoanza kukutana. Naiweka pembeni kwanza.

Januari, mwishoni

Suala la umbo. Kamusi ya kweli hufasili kwa hatua mbili: inataja kundi ambamo kitu kimo, kisha inataja kinachokitenga na wenzake wa kundi hilo. Kiti ni samani. Kinachokitenga na samani nyingine ni kwamba hukaliwa na mtu mmoja. Kejeli ikiingia mapema, kwenye kundi, msomaji anajua anachekeshwa na anajikaza. Kwa hiyo kundi nitalitaja kwa uso mkavu wa karani, na mwiba nitauficha kwenye kitenganishi, tena mwishoni kabisa mwa sentensi.

Mfano ni "ushauri". Rasimu ya kwanza ilisema: "upuuzi ambao watu hukupa bure." Hilo ni tusi tu, na tusi halihitaji kamusi. Rasimu ya pili:

Ushauri *nm* [u-] maelezo yanayotolewa na mtu ambaye hayajamsaidia.

"Maelezo" ni neno lisilo na hatia. Msomaji anapita bila wasiwasi mpaka anafika mwisho, na hapo hana pa kugeukia.

Kanuni ndogo iliyotoka humo: kila panapowezekana nitumie "anaye-" na "kinacho-" badala ya "ambaye" na "ambacho". Neno ninaloanza kuliogopa ni ambalo. (Ndiyo, nimeliona. Katika "ushauri" halikuondoka, maana "mtu yasiyemsaidia" ingehitaji kamusi nyingine.)

Februari

Wiki hii nimewapitia waliotangulia. Si vizuri kujidai mgunduzi wa njia iliyokwisha kukanyagwa.

Samuel Johnson alitoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755. Haikuwa kamusi ya kejeli hata kidogo; ilikuwa kazi nzito yenye vidahizo zaidi ya 40,000. Lakini humo ndani alificha miiba. Mtunga kamusi alimfasili kuwa mtu wa sulubu asiyemdhuru yeyote. Kuna nafaka aliyosema kwamba Uingereza hupewa farasi na Uskoti huwalisha watu. Ushuru wa bidhaa aliuita kodi ya kuchukiza, na wanaouamua akawashushia neno zito zaidi. Makamishna wa ushuru huo walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kuuliza kama hiyo si kashfa. Akawaambia ni kashfa. Mwandishi hata hivyo hakufikishwa mahakamani, na mimi nafikiri kila mtu alikwishaona kwamba kesi ingeitangaza fasili kuliko kamusi ilivyoitangaza.

Ninachochukua kwake ni uwiano. Miiba ile inachoma kwa sababu imezungukwa na maelfu ya fasili zilizonyooka. Kitabu cha miiba mitupu humchosha msomaji kabla ya herufi D. Sina jinsi ya kuandika fasili 40,000 zilizonyooka, lakini naweza kupenyeza chache mahali ambapo msomaji amezoea kuchomwa. Tayari nimeiweka moja: "Usingizi *nm* [u-] hali ya kulala." Hakuna mwiba. Ataitazama mara mbili.

Ambrose Bierce wa Marekani ni habari nyingine. Huyo alikusudia kejeli tangu mwanzo. Alianza kuchapisha fasili zake kwa mfululizo kwenye gazeti la kila wiki mwaka 1881, zikawa kitabu mwaka 1906, na mwaka 1911 kikatoka kwa jina alilolipenda mwenyewe. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni miaka 30. Jambo hilo limenipa moyo na kunivunja moyo kwa pamoja.

Wa tatu ni Gustave Flaubert wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1880 akiacha orodha ambayo haifasili kitu ni nini, bali inaeleza mtu wa heshima anatakiwa aseme nini kitu hicho kikitajwa. Njia hiyo naiacha. Inataka mwandishi awe na jamii moja anayoilenga, na mimi nataka maneno yanayomshika mtu yeyote popote.

Kwa upande wetu kuna Johnson mwingine, Frederick, asiyepaswa kuchanganywa na yule wa kwanza. Huyu alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935. Lakini umbo ninaloliiga mimi ni lile tulilolizoea katika *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka mwaka 1981: kidahizo, aina ya neno, ngeli, fasili, mfano, na lile "taz." la kumfukuza msomaji kwenye ukurasa mwingine. Kila kimoja kati ya hivyo ni mahali pa kuficha mwiba. Bierce hakuwa na ngeli, maskini.

Februari, siku ya mvua

Ngeli. Printa nimeiweka [a-/wa-], bila maelezo yoyote. Aliyewahi kuchapisha kazi dakika za mwisho ataelewa kwamba kile si kitu, ni kiumbe chenye nia.

Nimejaribu mchezo huo kwa maneno mengine na unachosha upesi. Printa pekee inatosha.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa nimelikuta njiani: "rafiki yangu" na "adui yangu" hupata upatanisho uleule. Sarufi haijali nani kati yao anakudai.

Machi

Mwezi huu ndio mradi umepata uti wa mgongo wake, na haukutoka kwenye nomino. Umetoka kwenye vitenzi, hasa kwenye minyambuliko.

Kiswahili kina kiambishi kidogo, -ik- au -ek-, kinachomwondoa mtuhumiwa eneo la tukio bila hata kumpa nauli. Kikombe hakikuvunjwa, *kimevunjika*. Katika "kilivunjwa" bado upo mlango wa kuuliza na nani, kwa kuwa kauli ya kutendwa inamkubali mtendaji baada ya "na". Katika "kimevunjika" mlango huo haupo. Huwezi kusema "kimevunjika na Juma" ukabaki na sarufi yako. Mtoto wa miaka minne analijua hili, na msemaji wa taasisi analijua vizuri zaidi. Basi:

Vunjika *kt* (kwa chombo) jivunja mbele ya mtu asiyehusika.

Potea *kt* (kwa fedha) toka ofisini kwa miguu yako mwenyewe.

Sahaulika *kt* (kwa ahadi) toka akilini mwa aliyeitoa na kubaki akilini mwa aliyepewa.

Bainika *kt* (kwa kosa) julikana na wote baada ya aliyelifanya kustaafu.

Semekana *kt* semwa na mimi.

Fanyika *kt* (kwa makosa) tokea bila mfanyaji. (Kwa mafanikio, kitenzi hiki hakitumiki; *taz.* nimefanya.)

Hiyo ya mwisho naiona ndiyo fasili bora niliyoandika hadi sasa, na ubora wake si wangu. Hivyo ndivyo watu wanavyosema. "Makosa yalifanyika" na "tumejenga" hutoka katika hotuba moja, mdomo mmoja, ukurasa mmoja. Mimi nimeyaweka jirani tu.

"Potea" si ya mnyambuliko huu kwa sura, lakini tabia ni ileile, na kamusi ya kejeli ina haki ya kupanga ndugu kwa tabia.

Nikahamia kwenye -an-. Hapa lugha imekwisha kufanya kazi nusu:

Jua *kt* kuwa na maarifa.

Juana *kt* kuwa na ajira.

Sina cha kuongeza hapo. Nilitaka kuweka mfano wa matumizi, nikaona kila msomaji ana wake.

Elewana *kt* choka kubishana kwa wakati mmoja.

Sameheana *kt* weka akiba ya ugomvi ujao.

Saidiana *kt* (kwa kazi ya kubeba) wewe shika huku, mimi nitakuelekeza.

Na kauli ya kutendesha, yenye -ish- na -esh- zake, ambayo ni lugha rasmi ya ofisi:

Shirikisha *kt* mjulishe mtu uamuzi uliokwisha kufanywa.

Rekebisha *kt* haribu upya, safari hii kwa kibali.

Boresha *kt* (kwa huduma) ondoa kilichokuwa kikifanya kazi.

"Pendekeza" imenichukua muda. Ukiifungua unakuta *penda*, kisha -ek-, kisha -ez-: kufanya jambo lipendeke. Kwa hiyo fasili ilikuwa imejiandika nusu:

Pendekeza *kt* fanya kazi ipendeze machoni pa atakayeifanya badala yako.

Sijui kama msomaji asiyependa sarufi ataiona hiyo kazi ya viambishi. Haidhuru, bila kuiona, fasili bado inasimama.

Machi, mwishoni

Jaribio. Nina rafiki ambaye kazi yake ni uhariri, mtu asiyecheka kwa adabu. Tumekubaliana utaratibu: namsomea fasili bila kidahizo, yeye anataja neno. Akilitaja lilelile, fasili ni ya kweli. Akicheka kabla ya kulitaja, bora zaidi. Akicheka na asiweze kulitaja, nimetunga kichekesho tu, na vichekesho vina kitabu chao.

"Vunjika" aliipata papo hapo. "Shirikisha" aliipata na hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo. Ya kufurahisha ilikuwa hii:

"Kitu mtu anachokiweka kwa haraka na kukisahau kwa haraka zaidi."

Akasema: "Nenosiri."

Mimi nilikuwa nimeandika "ahadi". Nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Ndugu yangu, ahadi haisahauliki haraka. Aliyepewa anaikumbuka miaka. Hiyo ni nenosiri, mpe mwenyewe." Fasili imehamia N, na "ahadi" imerudi kwenye orodha ya wasio na makazi. Baadaye tuliipatia hii, nusu yake nusu yangu:

Ahadi *nm* [i-/zi-] malipo yanayotolewa na asiye na fedha.

Ameniwekea pia sheria moja: fasili isizidi mistari miwili. Ikizidi, asema, inakuwa hotuba, "na hotuba umekwisha kuifasili kwenye *kwa ufupi*".

Aprili

Kuchagua nani asichekwe. Nimefuta mama mkwe, mke, mume na wakili. Si kwa woga. Ni kwamba hao wamebeba vichekesho vya watu wavivu kwa muda mrefu na hawana kipya cha kutoa. Mwanasiasa naye nimemfuta; kumcheka ni rahisi mno, na anayemcheka hujiona ameshatimiza jambo. Nimewafuta pia maskini, wagonjwa, na kila mtu ambaye kicheko kingemkuta akiwa tayari chini. Tashtiti ya kweli hupanda ngazi, au angalau hubaki sakafu moja na mwandishi wake. Maneno mengi yaliyobaki yananicheka mimi pamoja na msomaji.

Aprili, siku nyingine

Kupanga kwa alfabeti kumeonyesha kitu ambacho sikukitarajia. Kiswahili hakina Q wala X, kwa hiyo nimeepuka tabu ya kutafuta neno la kujaza nafasi. Lakini M imefurika, kwa kuwa karibu kila mtu anaingia kwa mlango wa m-:

Mteja *nm* [a-/wa-] mfalme anayesubiri kwenye simu.

Mtaalamu *nm* [a-/wa-] mtu anayejibu "inategemea" na kulipwa kwa jibu hilo.

Mdau *nm* [a-/wa-] mtu wa kushirikishwa. *taz.* shirikisha.

Mkopaji *nm* [a-/wa-] rafiki wa zamani.

Mjuaji *nm* [a-/wa-] mtu aliyeniwahi kusema nilichotaka kusema.

Halafu kuna U. Nomino za dhahania zinakaa huku karibu zote: uwazi, usawa, uaminifu, uvumilivu, unyenyekevu, uwajibikaji. Mtu akitaka kuona unafiki wa lugha ulipojenga nyumba, afungue kamusi yoyote kwenye U na asome kurasa chache bila kupepesa macho. Ni maneno mazuri yote. Ndiyo tatizo.

Uvumilivu *nm* [u-] sifa inayohubiriwa na mwenye kiti kwa waliosimama.

Uwazi *nm* [u-] mtindo wa ofisi yenye mlango wa kioo na kabati la kufuli.

Uaminifu *nm* [u-] desturi ya kutoacha ushahidi.

Uzoefu *nm* [u-] kitu kinachohitajika ili kupata kazi na kinachopatikana kazini tu.

Usawa *nm* [u-] utaratibu wa watu wote kupanga foleni moja isipokuwa wenye haraka.

"Uaminifu" bado inanisumbua. Ni kali kuliko ilivyo ya kweli. Wapo waaminifu, nawajua. Rafiki yangu anasema ibaki, mimi nasema iondoke. Kwa sasa ipo kwa penseli.

Aprili, mwishoni

Methali. Nilikuwa nikizikwepa kwa kuwa watu huzigeuzageuza kila siku kwa utani, na nyingi za hizo ni za kuudhi. Kisha nikaona njia: nisiigeuze methali, niikubali kama ilivyo, halafu niongeze kile kifungu ambacho wahenga waliona si lazima kukitaja.

Subira *nm* [i-] huvuta heri. Urefu wa kamba haukutajwa.

Akiba *nm* [i-/zi-] kitu kisichooza, kwa kuwa hakikai.

Mvumilivu *nm* [a-/wa-] mla mbivu zilizobaki.

Mjumbe *nm* [a-/wa-] mtu asiyeuawa. Hurudishwa na ujumbe wa pili.

Haraka *nm* [i-] haina baraka, ila ina nafasi ya mbele kwenye foleni. *taz.* usawa.

Umoja *nm* [u-] nguvu, hasa za wale wanaobeba.

Hizi ziliandikwa jioni moja, jambo ambalo kwa kawaida lingenitia mashaka. Lakini methali ni fasili tayari. Zimekuja zimekwisha kukatwa, zimenyooka, na kila msomaji anazo kichwani, kwa hiyo mwandishi hahitaji kuandaa chochote kabla ya mwiba. "Mvumilivu" ndiyo ninayoipenda. Maneno matatu tu, na lile la tatu ndilo linalofanya kazi yote.

Mei

Mifano ya matumizi. Nimegundua kwamba kuna maneno yanayokataa kejeli kwenye fasili, lakini yanaikubali kwenye mfano. Unaandika fasili iliyonyooka kabisa, kama ya shuleni, kisha unamwachia mtu mmoja azungumze.

Dakika *nm* [i-/zi-] muda wa sekunde 60. *Mf.* "Naomba dakika moja tu," alisema, akavuta kiti.

Maoni *nm* [ya-] mawazo ya mtu kuhusu jambo. *Mf.* "Nataka maoni yenu ya kweli," alisema, akaanza kuandika majina.

Utani *nm* [u-] maneno ya mzaha. *Mf.* "Nilikuwa nakutania tu," alisema baada ya kuona hakuna anayecheka.

Heshima *nm* [i-/zi-] hali ya kumjali na kumthamini mtu. *Mf.* Kwa heshima zote, hujui unachokisema.

Huko kwenye "maoni" mwanzoni niliweka maelezo marefu ya namna kiongozi alivyokunja uso. Nikayakata yote. "Akaanza kuandika majina" inatosha, na aliyewahi kuwa kwenye chumba hicho atajaza mengine mwenyewe. Hali ndiyo hiyo kwa kiti cha "dakika": mtu anayekuja kwa dakika moja hazungumzi akiwa amesimama, kamwe.

Mei, baadaye

"Taz." ni zana ya kikatili kuliko zote. Haifasili chochote, inamtembeza tu msomaji. Nimeanza kwa upole:

Kesho *taz.* baadaye.

Baadaye *taz.* kesho.

(Fasili ya kesho ya Januari imeondoka kupisha hii. Haikulia mtu.)

Dharura *taz.* uzembe.

Kisha nikajenga mzunguko mkubwa zaidi:

Huduma kwa wateja *taz.* idara husika.

Idara husika *taz.* ofisi kuu.

Ofisi kuu *taz.* huduma kwa wateja.

H inakupeleka I, I inakupeleka O, O inakurudisha H. Kwenye karatasi, msomaji atafunua kurasa kwa mikono yake na hasira itampanda taratibu, jambo ambalo skrini haiwezi kulifanya vizuri, kwa kuwa huko ni kubonyeza tu. Hii ni hoja yangu kubwa ya kutaka kitabu kichapwe. Nimemwambia rafiki yangu. Amesema ni mara ya kwanza kumsikia mwandishi akitaka kitabu kichapwe ili kiudhi.

Juni

Maneno ya simu na kompyuta. Nimeyaweka machache, maana vifaa hubadilika na kichekesho kuhusu kifaa huzeeka kabla ya kifaa chenyewe. Kinachodumu ni tabia ya mtu mbele ya kifaa.

Kubali *kt* bonyeza bila kusoma.

Vigezo na masharti *nm* [vi-] maandishi marefu yanayothibitisha kwamba ulisoma.

Sasisha *kt* (kwa programu) hamisha kitufe kilichokwisha kuzoeleka.

Kundi *nm* [li-/ya-] (kwenye simu) mahali pa kuwatakia asubuhi njema watu usiowasalimia.

Basi. Hakuna zaidi hapa.

Juni, mwishoni

Nimefika mwisho wa alfabeti na kurudi kufuta. Kinachofutwa zaidi ni fasili zinazojaribu kuwa na hekima. Kuna sauti fulani ninayoitambua sasa: fasili inapoanza kutulia, inapopata mizani nzuri, inapokaribia kuwa msemo wa kuandikwa ukutani, hapo huwa imeacha kumchoma yeyote. "Rafiki" imekufa kwa ugonjwa huo. "Maisha" haikuwahi hata kupelekwa hospitali.

"Mkutano" imerudi kutoka pembeni, ikiwa na fasili mpya: "mkusanyiko wa watu ambao wangeweza kuandikiana." Sina hakika kama ni mpya kweli, lakini angalau si ile.

Mwisho wa alfabeti umenipa mbili ambazo sitaziuza kwa bei yoyote:

Yaani *kiunganishi* neno linalotangaza kwamba ufafanuzi unakuja, na ambalo mara nyingi huja peke yake.

Zamani *nm* [i-/zi-] wakati ambapo watoto walikuwa na adabu, kwa ushahidi wa waliokuwa watoto wakati huo.

Imebaki "wajibu" pekee. Nina rasimu mbili na nimeshindwa kuamua.

Wajibu (a) *nm* [u-] kazi ya mtu mwingine.

Wajibu (b) *nm* [u-] kazi ninayoitambua upesi ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Ya kwanza ni fupi na inapiga haraka, lakini inamcheka mtu aliye nje ya chumba. Ya pili ina "ninayoitambua", nafsi ya kwanza, kitu ambacho kamusi halisi haiwezi kukiruhusu na ambacho nimekitumia mara chache sana humu. Nimempelekea rafiki yangu zote mbili nikamwomba achague leo, kwa kuwa hilo ndilo jukumu la mhariri. Amejibu kwamba ameelewa, na kwamba atanijulisha baadaye.

*taz.* kesho.